Bwana wa zamani amekufa: feza ya CNSS ni ya nani?

Siku ya tatu kisha maziko, wakati viti vya kilio vinarudishwa kwa wenyewe, njo matata inaanzaka. Katika lupangu wameketi wanawake wawili. Wa kwanza alizaa na marehemu watoto wane, alikuwa naye tangu mushahara wa kwanza, kisha wakaachana, akarudi kwao. Wa pili alikaa naye miaka ya mwisho. Yeye njo alimupeleka hospitali na kulala chini karibu na kitanda chake. Kati yao wanasimama ndugu za marehemu, na sauti yao inasikika mpaka barabarani: "Ile feza ni ya yaya yetu. Bibi anakuyaka, bibi anaendaka."

Hatuna lazima ya kutaja jina. Kila musomaji wetu wa Likasi, Kolwezi, Kipushi ao Lubumbashi amekwisha kuketi katika kilio kama hiki, na wengine wametoka ndani yake na ugomvi ambao haujaisha mpaka leo.

Ulizo ni fupi: mufanyakazi akikufa, na alikuwa na bibi mbele ya huyu wa sasa, CNSS inamulipa nani? Jibu letu nalo ni fupi, hata kama linauma. Ile feza haifuati kilio. Haiangalii nani alilia sana, nani alipika, nani alimufukuza mwenzake. Inafuata karatasi. Na mara nyingi karatasi inasema neno ambalo hakuna mutu katika lupangu alikuwa analingojea.

Sheria mbili za siku moja

Tarehe 15 mwezi wa saba 2016 inchi yetu ilipata sheria mbili zinazofuatana kwa namba. Sheria 16/008 ilibadilisha Code de la famille ya mwaka wa 1987. Sheria 16/009 ilipanga upya sécurité sociale ya wafanyakazi, na kwa njia yake INSS ya zamani ikageuka CNSS mwaka wa 2018. Kwenye migodi watu wanazungumuzaka sana juu ya ile ya pili, kwa sababu hiyo njo inagusa mushahara. Lakini siku ya kifo, ni ya kwanza inafungua mulango ao inaufunga. CNSS haichagui mujane. Inamulipa yule ambaye Code de la famille inamuita bibi ao bwana aliyebakia.

Tuseme kwanza feza yenyewe inatoka wapi, juu wengi wanaifikiri kuwa sadaka ya Leta. Apana. Kila mwezi, kwa jina la mufanyakazi mumoja, CNSS inapaswa kupokea 18 % ya mushahara wake. Mufanyakazi mwenyewe anakatwa 5 %, na mukubwa wa kazi anaongeza 13 %. Katika hiyo 13 %, kuna 5 % ya pensheni, 6,5 % ya allocations familiales, na 1,5 % ya ajali za kazi na magonjwa yanayotoka kwenye kazi. Ni jasho la marehemu lililowekwa akiba. Kwa hiyo mujane anayesimama mbele ya guichet haombi kitu: anafuata mali iliyolipwa.

Pensheni ya uzee inaombwa kwa mutu wa miaka 60 aliyechangia miezi 180, ni kusema miaka 15. Kama marehemu alikuwa anaipokea tayari, ao miezi yake ilitimia, waliobakia wanaweza kupata pensheni ya survivants kila mwezi. Kama miezi haikutosha, inabakia malipo ya mara moja. Lakini tuangalie vizuri hapa: kama mutu amekufa kwa ajali ya kazi ao kwa ugonjwa wa kazi, ni njia ingine kabisa. Ile njia inapita kwenye 1,5 % ya mukubwa wa kazi, na miezi 180 haihesabiwi. Kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita na benne ikamuangukia, bibi yake na watoto wake wana haki. Wasikubali mutu awaambie: "Alikuwa mupya, hakuna kitu."

Nani ni "bibi wa zamani" kweli?

Hapa njo pahali watu wanapotea. Kwa midomo yetu tunasema "waliachana" kwa mambo matatu tofauti, na sheria haiyachanganyi.

La kwanza: waliachana mbele ya tribunal de paix. Hukumu ya divorce iko, ilitoka, imeandikwa. Huyu mama si bibi tena. Bwana wake wa zamani akikufa, yeye kwa jina lake hapati pensheni ya mujane, hata kama alikaa naye miaka 22. Ni neno kali, lakini afazali alijue leo kuliko kupoteza feza ya safari mara tano kutoka Kasumbalesa. Kinachomubakilia ni watoto wake, na jambo la mali ya ndoa, tutafika huko.

La pili: bwana alimufukuza bibi, ao bibi aliondoka mwenyewe, lakini hakuna aliyeingia tribinali. Labda familia zilikutana, mahari ikarudishwa, wazee wakasema "imekwisha." Labda bwana aliandika barua na mashahidi wawili. Sheria yetu haitambui kumufukuza bibi kuwa ni kuvunja ndoa. Mbali na kifo, ni hukumu ya tribinali inayofungua ile kamba. Basi kama ndoa ya huyu mama iliandikwa kwenye état civil, na hukumu ya divorce haiko, yeye njo mujane. Hata kama amekaa miaka kumi kwao. Hata kama kwenye kilio walimuketisha nyuma pamoja na wageni.

La tatu ni la yule mama wa miaka ya mwisho. Mahari ilitolewa nusu, ao yote, picha ziko, pasta aliwabariki. Lakini kwenye komini hakuna kitu. Ndoa ya kanisa peke yake, mbele ya sheria, haina nguvu ya ndoa ya état civil. Na kama ndoa ya kwanza haikuvunjwa na tribinali, hata karatasi ya pili iliyopatikana kwa ujanja haiwezi kusimama: mutu hawezi kufunga ndoa mupya wakati ya zamani ingali nzima. Huyu mama aliuguza mugonjwa, alizika, na CNSS haimuoni. Hatufurahii kuandika maneno haya. Tunayaandika kwa sababu bwana aliye muzima leo angali na wakati wa kuyasahihisha, na kesho hatakuwa nao.

Kuna mutego mumoja ambao tunataka wafanyakazi waujue. Mara nyingi mutu anaenda kwenye service du personnel ya kampuni, anatosha jina la bibi wa kwanza katika composition familiale na kuandika la pili, juu ya matibabu na masomo. Anarudi nyumbani na kusema: "Nimekwisha kupanga." Hakupanga kitu. Ile dosie ya kampuni ni ya hospitali. Haifungi ndoa, na haivunji ndoa. Siku ya kifo, dosie ya kampuni inasema jina moja na état civil inasema ingine, na hapo njo miaka ya kesi inaanza.

Zamani ile tofauti ilikuwa ndogo. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mufanyakazi akae na bibi na watoto katika camp, na poso iligawanywa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Kampuni ilijua nani analala wapi. Gécamines iliendelea na desturi hiyo: nyumba, hospitali, masomo, vyote vilipita kwenye dosie moja. Leo mutu anafanya kazi miaka miwili kwa huyu, munane kwa yule, anakaa kwa kupanga, na hakuna anayeshika kitabu cha nyumba yake isipokuwa yeye mwenyewe. Wengi wetu tungali na akili ya camp, lakini camp haiko tena.

Watoto hawaachani na baba

Kama kuna neno moja musomaji atalibeba kutoka hapa, liwe hili: bwana na bibi wanaweza kuachana, lakini mutoto haachani na baba yake. Watoto wa bibi wa kwanza, wa bibi wa pili, na hata wale waliozaliwa inje ya ndoa lakini baba aliwatambua kisheria angali muzima, wote wanasimama sawasawa. Orphelin ni orphelin.

Kwa hiyo mama aliyeachwa kwa hukumu, ambaye kwa jina lake mulango umefungwa, anaweza kurudi kwenye guichet ileile kwa jina la watoto wake wadogo. Hatakuwa anaomba ya kwake. Anashika mukono wa mutoto. Na mujane wa sasa hana ruhusa ya kuficha watoto wa kwanza katika dosie, vile ndugu za marehemu hawana ruhusa ya kusema: "Wale walikwenda na mama yao." Mwenye kuandika kwenye karatasi ya Leta kwamba marehemu aliacha watoto wawili, wakati anajua ni sita, anaiba kwa watoto, na anaweza kuulizwa mbele ya hakimu.

Lakini mutoto naye anahitaji karatasi. Kama hana acte de naissance, ao jina la baba halimo, haki yake inabakia maneno. Kwa mutoto aliyezaliwa inje ya ndoa, kazi ya kumutambua ni ya baba, na ifanyike angali anapumua. Mara ngapi tumesikia: "Kila mutu anajua ni wake, anafanana naye kama mapacha." Guichet haisomi uso.

Mifuko mitatu, si mumoja

Ugomvi mwingi unatoka kwa kuchanganya feza tatu ambazo hazina mwenyewe mumoja.

Mufuko wa kwanza ni décompte final: mushahara uliobakia, congé ambayo haikulipwa, na yale convention collective inaahidi. Unatoka kwa kampuni, na unaenda kwa wariti.

Mufuko wa pili ni wa CNSS: pensheni ao rente ya waliobakia. Huu si uriti. Ndugu hawaketi kuugawanya kama baisikeli ya marehemu. Sheria imekwisha kutaja wanaoupokea, na baba mudogo wa watoto hana fungu ndani yake, hata kama yeye njo alilipa sanduku. Kama mujane anaolewa tena, pensheni yake ya mujane inasimama. Haki ya watoto haifuati ndoa mupya ya mama yao.

Mufuko wa tatu ni mali: nyumba, lupangu, gari, feza ya banki. Hapa Code de la famille inawapa watoto robo tatu, sawa kwa sawa. Robo inayobakia ni ya bibi aliyebakia, wazazi na ndugu za marehemu. Mujane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Kumutupia vyombo inje kisha kilio si desturi, ni kosa.

Ni katika mufuko huu wa tatu njo bibi aliyeachwa kwa hukumu anaweza kuwa na neno lake mwenyewe. Ndoa nyingi zinafungwa bila kuchagua régime, na hapo sheria inaweka communauté réduite aux acquêts: vile walivyopata pamoja wakati wa ndoa ni vya wawili. Kama divorce ilitoka lakini mali haikugawanywa kamwe, na nyumba ilijengwa wakati wao wangali pamoja, fungu lake halikufa na bwana. Linatoshwa kwanza, kisha uriti unagawanywa. Wengi hawalijui hili, na nyumba zinauzwa juu ya vichwa vyao.

Na wale ambao jina lao haliko popote?

Yote tuliyosema yanamufaa mutu aliyetangazwa kwa CNSS. Hapa tunagusa kidonda cha wakati wetu. Katika migodi ya leo, kazi kubwa inafanywa na watu wa sous-traitance. Kontra inabadilika, jina la mukubwa wa kazi linabadilika, na mutu hajui kama ile 5 % inayoonekana kwenye bulletin de paie ilifika kwenye kaisi. Atalijua siku ya uzee, ao bibi yake atalijua siku ya kilio. Sheria ya 2017 juu ya sous-traitance ilizungumuza sana juu ya nani ana haki ya kupata soko. Tunataka tuulize kwa nguvu ileile: nani anahakikisha kwamba miezi ya mufanyakazi inaandikwa?

Hata wazee walioondoka Gécamines mwaka wa 2003, zaidi ya 10.000 katika opération départs volontaires iliyosaidiwa na Banki ya Dunia, wengi wanaamini kwamba siku ile yote yalikwisha. Ile ilikuwa feza ya kuacha kazi. Haikuwa pensheni ya INSS. Muzee kama huyo akikufa leo, wajane na watoto wasirudi nyuma mbele ya kuuliza hesabu ya miezi yake.

Na creuseur? Yeye hana bulletin, hana mukubwa wa kazi aliyelipa 1,5 %. Mwezi wa sita 2019, karibu na Kolwezi, udongo ulifunika wachimbaji na zaidi ya 40 wakafa. Kifo cha namna ile kinaacha wajane na watoto sawa na kifo cha mutu wa kontra, lakini hakuna guichet inayowangojea. Sheria ya mine inamutaka creuseur aingie katika coopérative. Vizuri. Lakini coopérative inayojua kupima madini na kukata ushuru inaweza pia kushika daftari la wanamemba, kuandika bibi na watoto wao, na kuweka fungu dogo kila mwezi pembeni.

Tunayowaomba wanaotunga sheria

Sheria ya sasa inaona mulango mumoja tu: ao wewe ni bibi, ao wewe si kitu. Lakini miaka 20 ya ndoa si kitu? Mama aliyepika ngari ya saa kumi ya usiku wakati bwana anaenda poste ya kwanza, aliyelea watoto kwa mushahara uliochelewa, naye alijenga ile miezi 180. Inchi zingine zilifikiri juu ya jambo hili. Ufaransa inagawanya pensheni ya réversion kati ya mujane na bibi aliyeachwa, kwa hesabu ya miaka kila mumoja alikaa katika ndoa. Hatusemi tuichukue vile ilivyo. Tunasema wabunge wa Katanga ya zamani, wanaokuja kwetu kuomba kura, waipeleke hoja hii Kinshasa. Ingepunguza vita katika vilio vyetu kuliko mahubiri mengi.

Wakati tunangojea

Bwana mwenye bibi bila karatasi, aende komini juma hili. Kama ndoa ya zamani ingali nzima, aende kwanza tribinali. Hakuna njia ya pembeni. Aandikishe watoto wote, hata wale ambao bibi wa sasa hataki kusikia majina yao. Namba yake ya CNSS na bulletins zote aziweke pahali bibi anapajua, na aulize mwenyewe kwenye CNSS hesabu ya miezi yake, hasa akibadilisha mukubwa wa kazi. Akikuta miezi inakosekana, Inspection du travail iko kwa kazi hiyo.

Mujane, wa sasa ao wa zamani: kifo kitangazwe kwenye état civil katika siku 30, zikipita, mutahitaji hukumu ya tribinali kwa kupata acte de décès. Kisha kusanya acte de mariage, actes de naissance za watoto, attestation ya masomo kwa wale wanaosoma, kitambulisho, na karatasi za kazi za marehemu. Mara nyingi wanaomba pia procès-verbal ya conseil de famille. Musitie sahihi kwenye ile yenye kusahau mutoto hata mumoja. Musitoe acte ya orijinali kwa mutu wa njiani anayesema "nitakusukumia dosie." Toeni kopi, na muombe accusé de réception.

Na ninyi wanawake wawili mulioketi katika lupangu lile moja, tuwaambie neno la mwisho. Ndugu za marehemu wanapenda mugombane, kwa sababu mukigombana hakuna anayeuliza gari limeenda wapi. Wa kwanza ana acte. Wa pili anajua bulletins ziko katika sanduku gani. Watoto wa wote wawili wana baba mumoja. Mukipeleka dosie pamoja, watoto wenu watakula. Mukiipeleka kila mumoja peke yake, kila mumoja na uwongo wake, itakaa mezani mpaka watoto wamekomaa, na haki ya orphelin haingojei mutu mukubwa.